Kushusha Subaru, na hesabu za tairi zinazoisha upande mmoja

Najua wengi wenu hupita hapa kutafuta habari za programu, hifadhidata na simu. Leo tutaingia chini ya gari. Msitoroke, maana mwisho wa yote tutakuwa tukizungumzia mambo yale yale ya kila siku: vigezo, vipimo, na mtu anayekuambia "iko sawa" kwa kuwa kioo cha mashine kimeonyesha rangi ya kijani.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004. Si langu, ni la binamu yangu. Ukiishi Nairobi huhitaji kuelezwa Subaru ni kitu gani, unaisikia kabla hujaiona. Binamu aliinunua kwa mtu, kwa pesa alizoweka miaka minne akipiga picha za harusi, na jambo la kwanza alilofanya ni kuishusha. Alinunua springi fupi, akaenda gereji moja mjini (jina halina maana hapa), na jioni gari likatoka limelala chini kama chui anayevizia swara. Lilipendeza, tusidanganyane. Nilipokuja kulipima baadaye lilikuwa limeshuka milimita 40 hivi, mbele na nyuma.

Miezi mitatu ikapita. Gari likaanza kuvuta kushoto. Usukani ukawa umepinda hata gari likienda moja kwa moja. Kwenye mashimo madogo pua ya gari ilikuwa ikirukaruka kutafuta njia yake yenyewe. Nikamuuliza binamu, akanijibu, "Ni barabara, bwana. Barabara zetu zimeinama kushoto ndiyo maji ya mvua yatoke." Hilo ni kweli, barabara huinuka katikati, na sisi tunaoendesha upande wa kushoto tunaegemea kushoto. Lakini barabara haikunji usukani.

Nikamwambia azungushe usukani hadi mwisho, nikachuchumaa na tochi ya simu. Upande wa nje wa tairi mifereji ilikuwa mizima, mtu akipita angesema ni tairi mpya. Upande wa ndani ulikuwa kipara, na pembeni kabisa nyaya zilikuwa zimeanza kuchungulia. Tairi hizo zilikuwa zimetembea chini ya kilomita 6,000.

Sasa, hii ilikuwa Novemba, na Desemba gari hilo lilipangiwa safari ya Eldoret, kilomita 310 hivi. Ndani angekuwa shangazi yangu, yaani mama yake binamu, pamoja na wajukuu wake wawili. Mnaijua hiyo njia: mteremko wa bonde la ufa, malori ya mafuta, ukungu wa Timboroa, mvua. Tairi yenye nyaya nje kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa haikupi onyo. Kwa hiyo nikamwambia binamu kwamba kabla ya kununua tairi nyingine ni lazima tujue kitu gani kimezila hizi. Ukinunua mpya na kuziweka pale pale, umelisha tu mnyama yule yule.

Pembe tatu za gurudumu

Tuanze na msingi, kwa wale ambao hawajawahi kulipia kazi hii. Mafundi wetu huiita alaimenti. Ni kazi ya kupanga pembe za magurudumu, na pembe zenye maana kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni kemba. Simama mbele ya gari utazame gurudumu: je, limesimama wima au limeinama? Likiinama sehemu ya juu ikaingia ndani, kama mtu aliyetanua miguu, hiyo ni kemba hasi. Likiinama juu kwenda nje, ni kemba chanya.

Ya pili ni tou. Sasa jifanye ndege, tazama gari kutoka juu. Magurudumu ya mbele yakielekeana kama vidole vya miguu ya mtoto mwenye aibu, hiyo ni tou ya ndani. Yakiachana kama miguu ya bata, ni tou ya nje.

Ya tatu ni kasta. Tazama baiskeli kutoka ubavuni: ule uma wa mbele umelala nyuma kidogo, na ndio sababu unaweza kuendesha ukiwa umeachilia mikono. Gari nalo lina mlalo huo, na ndio hurudisha usukani katikati baada ya kona.

Watu wengi wakiona tairi imeliwa ndani hulaumu kemba peke yake. Kemba hasi kweli huhamishia uzito upande wa ndani. Lakini mlaji mkubwa ni tou, na hapa hesabu ndogo inasaidia. Tuseme gurudumu moja limegeuka nje kwa dakika 20, yaani theluthi moja ya nyuzi. Ni kidogo sana, kwa macho huioni. Lakini gurudumu hilo linataka kwenda upande mmoja na gari linalivuta kwenda mbele, kwa hiyo kila mita linayokwenda linaburutwa kidogo ubavuni. Chukua saini ya pembe hiyo, yaani 0.0058, zidisha kwa mita 1,000: unapata mita 5.8 za kuburutwa katika kila kilomita. Nairobi hadi Eldoret ni takriban kilomita 1.8 za kusugua tairi kwenye lami kama kifutio. Ongeza kemba hasi, na msuguo wote huo unaangukia ukingo mmoja wa ndani. Hapo nyaya lazima zitoke.

Springi ikifupishwa, nini kinahama?

Impreza ya miaka hiyo imejengwa kwa mtindo wa MacPherson. Earle MacPherson alikuwa mhandisi wa Marekani, na mtindo wake uliingia sokoni kwenye magari ya Ford ya Uingereza mwaka 1950. Ni mtindo rahisi na wa bei nafuu: chini kuna mkono mmoja ulioshikwa kwenye mwili wa gari, na juu kuna nguzo moja iliyobeba springi na shoki. Gurudumu limeshikwa kati ya hivyo viwili. Magari mengi madogo barabarani mwetu yako hivi.

Ukifupisha springi, mwili wa gari unashuka, lakini gurudumu liko pale pale chini. Kwa maneno mengine, gurudumu linapanda kulingana na mwili. Ule mkono wa chini, uliokuwa umeinama kuelekea nje, unakuja kulala sawa, na ukizidisha unaanza kuinuka. Nguzo nayo inainama zaidi. Hakuna fundi aliyegusa pembe yoyote, lakini pembe zote zimehama.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa kompyuta sikuridhika na maneno. Nikaandika programu ya Python, mistari thelathini hivi, nikaipa vipimo vya mfano (si vya kiwandani, ni vya kukadiria kwa utepe): mkono wa milimita 350 ambao ncha yake iko milimita 30 chini ya mzizi, na nguzo yenye kimo cha milimita 650 iliyoingia ndani milimita 130. Kisha nikaiambia inishushie gari milimita 20 kwa kila hatua. Majibu ya kemba yalikuwa hivi:

Milimita 20 za kwanza: kemba hasi inaongezeka nyuzi 0.45.
Milimita 20 za pili: inaongezeka nyuzi 0.37.
Milimita 20 za tatu: inaongezeka nyuzi 0.29.

Angalia vizuri orodha hiyo. Jambo la kwanza linajulikana: ukishusha gari milimita 40 unapata kemba hasi ya ziada ya karibu nyuzi 0.8. Jambo la pili wengi hawalijui: faida inapungua kila unaposhuka. Gari likikata kona, mwili unalalia upande wa nje na kulazimisha tairi ya nje iiname kuelekea chanya. Kuzama kwa springi ndiko kunakorudisha sehemu ya kemba iliyopotea. Gari lililoshushwa tayari limekula sehemu nzuri ya safari hiyo. Kutoka pale lilipo, milimita 20 zinazofuata zinalipa 0.29 badala ya 0.45, zaidi ya theluthi moja imepotea.

Kuna lingine la kushangaza zaidi. Kila gari lina nukta ambayo mwili huizunguka unapolala kwenye kona, tuiite kitovu cha mlalo. Katika mtindo wa MacPherson nukta hiyo inategemea mwinamo wa mkono wa chini. Nilipoongeza makadirio ya upana wa gari na kimo cha tairi, programu ikaniambia kwamba mwili ulishuka milimita 40, lakini kitovu cha mlalo kilishuka karibu milimita 100. Maana yake ni kwamba umbali kati ya uzito wa gari na kitovu chake umerefuka. Uzito umepata wenzo mrefu zaidi wa kulilaza gari. Springi fupi huja zikiwa ngumu zaidi ndiyo maana dereva haoni tofauti, lakini sehemu ya ugumu huo inatumika kulipa deni lililoletwa na ufupi wenyewe.

Na wale wanaosema "mbona magari ya mbio yako chini?" niwakumbushe kwamba Impreza zilizoshinda Safari Rally, ya Colin McRae mwaka 1997 na ya Richard Burns mwaka 2000, zilikuwa zimeinuliwa juu. Kwa mbio za lami timu hushusha gari, ndiyo, lakini hubadilisha pia mikono na viungo ili pembe zirudi mahali pake. Mtu akinunua springi peke yake amenunua nusu ya kazi.

Kupima kwa uzi

Binamu alikuwa na karatasi ya alaimenti aliyopewa siku ya kushushwa kwa gari. Namba za tou ya mbele zote zilikuwa kijani. Nilipoisoma kwa makini nikaona kwamba sehemu ya magurudumu ya nyuma ilikuwa tupu kabisa. Haikuwa nyekundu wala kijani. Hakuna aliyepima.

Wenzangu wa programu mnalijua jambo hili. Ukiandika majaribio ya sehemu moja tu ya programu, majaribio yote yatapita, na programu itakufa kwa mteja.

Basi Jumamosi moja tulipima wenyewe. Vifaa: uzi wa mjenzi, vyuma vinne vya kusimamishia uzi, rula ya chuma, na simu yenye programu ya kupima mwinamo. Tulijaza upepo sawasawa katika tairi zote, tukatafuta sehemu tambarare ya sakafu, tukalisukuma gari mbele na nyuma ili springi zikae, tukanyoosha usukani na kuufunga. Kisha tukavuta uzi mmoja kila ubavu wa gari kwa kimo cha katikati ya gurudumu, nyuzi zote mbili zikiwa sambamba na mstari wa katikati wa gari. Hapo unapima umbali kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na kutoka uzi hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo tou. Kwa rimu ya inchi 17, tofauti ya milimita moja ni karibu dakika 8.

Kemba ni rahisi zaidi: weka ubapa mnyoofu wima kwenye rimu, soma pembe kwa simu. Usipoiamini simu, pima tofauti ya juu na chini. Kwa rimu hiyo hiyo, milimita 7.5 ni nyuzi moja.

Tulichopata ni hiki. Mbele kushoto kemba ilikuwa hasi dakika 50. Mbele kulia ilikuwa hasi nyuzi 1 na dakika 50. Tou ya mbele ilikuwa ya nje, jumla milimita 5, yaani dakika 20 kila gurudumu, ule mfano wangu wa kuburutwa haukutoka hewani. Nyuma, gurudumu la kulia lilikuwa sawa karibu kabisa, lakini la kushoto lilikuwa limeingia ndani milimita 3.

Hitilafu nne

Kila namba ilikuwa na hadithi yake, na hadithi zote zilianzia siku ile ile ya gereji.

Ya kwanza, tofauti ya nyuzi nzima kati ya kemba za mbele. Kwenye Impreza hii, bolti ya juu inayoshika nguzo na kitovu cha gurudumu ina shingo ya mviringo usio wa katikati. Ukiizungusha, kemba inabadilika. Fundi anapotoa nguzo ili abadilishe springi anatakiwa aweke alama ya mahali bolti ilipokuwa. Hapa hapakuwa na alama. Kila upande ulirudishwa ulivyoangukia. Gari huvutwa kuelekea upande wenye kemba iliyo chanya zaidi, na hapa huo ulikuwa kushoto. Mwinamo wa barabara ukaongezea. Kwa hiyo binamu alikuwa na ukweli nusu.

Ya pili, bushi. Bushi nyingi za mikono ni mpira ulioshikamana na chuma ndani na nje, hauzunguki, unajikunja tu. Bolti zake zikikazwa wakati gari liko kwenye jeki na magurudumu yananing'inia, mpira unakumbuka hali hiyo kama hali ya kupumzika. Ukiteremsha gari, mpira unakaa umejipinda siku zote, unasukuma mwili juu, na unapasuka mapema. Bushi mbili za nyuma zilikuwa tayari na nyufa. Bolti hizi hukazwa mwisho kabisa, uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu.

Ya tatu, alaimenti ilifanywa siku ile ile. Springi mpya huendelea kukaa kwa muda, na bushi pia. Gari lililopimwa saa kumi na moja jioni siku ya kwanza si gari lile lile baada ya wiki tatu. Tou iliyokuwa kijani ikahama taratibu hadi milimita 5.

Ya nne ni ile sehemu tupu ya karatasi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. Moja likigeuka na jingine likabaki sawa, sehemu ya nyuma inasukuma kwa mshazari, na dereva analazimika kupinda usukani kidogo ili aende moja kwa moja. Unaweza kupanga mbele mara kumi, usukani utabaki umepinda. Unaanza nyuma, unamalizia mbele. Na kila mahali unaanza na kemba kabla ya tou, kwa sababu kugusa kemba kunahamisha tou.

Tulikwenda kwa fundi mwingine, mzee mmoja mwenye mikono ya subira, na nikamwonyesha daftari langu. Akalisoma lote kimya, akasema, "Kijana, umeniletea kazi iliyokwisha nusu." Alibadilisha bushi mbili na kiungo kimoja cha usukani kilichokuwa kimelegea, akasawazisha bolti za kemba za mbele, akarekebisha tou ya nyuma. Kemba ya nyuma kwenye gari hili haina marekebisho ya kiwandani, ikabidi binamu anunue bolti maalumu za kemba. Mwisho akapanga tou ya mbele karibu na sifuri. Usukani ukanyooka. Gari likaacha kuvuta.

Magunia ya mahindi

Binamu alifurahi, akataka kuagiza tairi mpya siku hiyo hiyo. Hapa ndipo tulipobishana kweli. Nilimwambia kwamba tumepima gari tupu, lakini Desemba halitakuwa tupu. Programu ikijaribiwa na mtumiaji mmoja haijajaribiwa.

"Unataka nini sasa, nimwite mama aje apimwe?" akauliza.

Tukatumia mahindi. Jirani yetu anauza nafaka, akatukopesha magunia manne ya kilo 90. Tukayapanga kwenye viti na nyuma, tukapima tena. Kemba ya nyuma iliyokuwa hasi nyuzi 1 na dakika 30 ikawa hasi nyuzi 2 na dakika 5. Tou ya mbele ikafunguka tena kwenda nje. Na nafasi kati ya shoki na ule mpira wa kuzuia mwisho wa safari ilikuwa imebaki upana wa kidole kimoja. Maana yake, tuta la kwanza tu na gari lingegonga mpira, na gari likigonga mpira katikati ya kona halina springi tena, tairi inapoteza mshiko ghafla.

Sikuwa na la kuongeza. Binamu alisimama pale akitazama rula muda mrefu. Mnielewe, haikuwa mchezo kwake. Zile springi zilikuwa karamu ya miaka minne ya Jumamosi zisizo na mapumziko, akipiga picha watu wengine wakicheza. Na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba springi huja na hesabu. Muuzaji alimwambia zinaingia bila kukata kitu, na kweli ziliingia.

Wiki iliyofuata alitafuta springi za kiwandani za mitumba, mzee wetu akazifunga, safari hii na alama za chokaa kwenye kila bolti. Tukasubiri wiki mbili zikae, ndipo tukafanya alaimenti ya magurudumu yote manne, na magunia tukayarudisha tena kupima. Tou ilihama chini ya milimita moja. Hapo ndipo tairi mpya ziliponunuliwa.

Shangazi alikwenda Eldoret, akarudi, na malalamiko yake pekee yalikuwa kelele za bomba la moshi. Tairi zikiwa zimetembea kilomita 6,000, umbali ule ule ulioziua zile za kwanza, nilipima kina cha mifereji: ndani milimita 7.1, nje 7.2, kutoka 8 za upya.

Ukitaka kushusha lako

Sisemi mtu asishushe gari. Gari ni lako. Lakini fanya hivi:

Pima pembe zote nne kabla ya kugusa chochote, uhifadhi namba hizo. Bila kipimo cha kwanza hutajua kilichohama.

Shusha kidogo. Tofauti ya milimita 20 na 40 ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho.

Mwambie fundi aweke alama kwenye bolti, na akaze bushi gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake.

Fanya alaimenti mara mbili: mara moja ili uweze kuendesha, na tena baada ya kilomita mia kadhaa. Dai karatasi yenye namba za mbele na nyuma. Sehemu tupu ni jibu baya kuliko nyekundu.

Pima gari likiwa na mzigo utakaoubeba kweli.

Na kila mwezi zungusha usukani hadi mwisho, chuchumaa, utazame upande wa ndani wa tairi. Nyuma itabidi ulale chini, chafua shati. Ule upande unaoonekana na wapita njia haukuambii kitu.

Zile springi fupi ziko chini ya kitanda cha binamu hadi leo, zimefungwa kwenye gazeti. Anasema siku moja atanunua mikono na viungo vinavyostahili, azirudishe kwa hesabu kamili. Ameniomba ile programu ya Python, na juzi alinipigia simu usiku kuuliza saini ni kitu gani. Nimeanza kumfundisha.

Kwa leo niachie hapo. Siku njema, na endesheni pole pole.